Kibuyu cha Mzee Anatoli

Esperansia alitaka mgahawa wake pale Ngara mjini ufanane na nyumba ya bibi, na kwa hilo hakuwa na mzaha. Bakuli za udongo alimrudishia mfinyanzi mara mbili kwa sababu ziling'aa mno. Vijiko vilikuwa vya mti, ugali wa muhogo uliletwa kwenye kikapu chenye kifuniko, na mhudumu aliyethubutu kuweka chupa ya plastiki mezani alikiona cha moto siku hiyo.

Kilichomkera ni vibuyu. Vya sokoni vilikuwa vipya, vimepauka. Basi Jumapili moja, mama mkwe wake, Kalista, akiwa misani huko Bukiriro, Esperansia aliingia chumbani kwake akakitungua kibuyu cha marehemu baba mkwe, Mzee Anatoli, kilichoning'inia juu ya kitanda miaka sita bila kutiwa kitu. Alijisemea kwamba anakiazima. Lakini anayeazima huomba, na mwanamke huyu alikiviringisha kwenye kanga kama mwizi yeyote. Kwa kuwa kilinuka, alikisugua ndani kwa mchanga na maji ya moto, kisha akakivisha shanga shingoni.

Wateja walikipenda, wakakipiga picha. Yeye kila alipoipita meza yenye kibuyu hicho, aliangalia pembeni.

Wiki ya tatu alisikia kwamba Kalista amemfukuza Idefonsi, mzee jirani aliyemsaidia kupogoa migomba, akimshuku kuiba kibuyu, maana hakuna mwingine aliyekuwa akiingia nyumbani kwake. Kijiji kizima sasa kilimwita mwizi. Esperansia aliumia kweli, lakini si kiasi cha kupanda bodaboda akakiri. Leo kuna wageni, kesho kuna mboga za kununua, visingizio havikumwishia.

Siku moja Kalista akaja mwenyewe, amemletea mkungu wa ndizi. Mhudumu, asiyejua lolote, alimwamkia shikamoo, akamketisha meza ya katikati na kumletea togwa kwenye kibuyu kile kile. Kwa zile shanga, Kalista hakukitambua. Alikunywa, akamsifu mkwewe kwa kujua vyombo. Sifa zile zilimchoma Esperansia kuliko matusi. Akapiga magoti palepale, mbele ya wateja.

"Mama, hiki ni cha baba. Nilikichukua mimi. Idefonsi hakugusa kitu."

Kalista aliimimina togwa iliyobaki kwenye bakuli, akaingiza pua mdomoni mwa kibuyu, akakaa hivyo kwa muda. Ndipo akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba kila Jumapili akitoka misani alikuwa akikifungua na kunusa tumbaku na pombe ya mzee. Hakuwahi kukiosha.

"Humu hayumo tena," alisema. "Kiache mezani kwako, kinapendeza. Niitie bodaboda, nikamwombe Idefonsi msamaha."

Esperansia alisema wataongozana. Kalista akajifunga kanga yake vizuri.

"Wewe baki na vyombo vyako."