Maji ya Upande Wangu

Bwana yangu Isidore ni muntu wa mastiki, ile gundi ya kuzibia. Akiona tundu anaziba, asipoona tundu anaziba vilevile. Muda wote wa mvua nilipanda gari yake nikiwa nimepandisha miguu kwenye kiti, kwa sababu ikinyesha tu hapa Kalemie, maji yanajaa chini upande wangu, pale anapokaa abiria wa mbele.

Ninamwita kwa jina la binti yetu, ninamwambia, "Papa Julie, gari inavuja."

"Ni kioo," ananijibu. Anachukua mastiki, anazungusha kioo cha mbele chote, anajipangusa mikono, kazi imekwisha. Mvua inarudi, maji yanarudi.

"Basi ni milango." Anaziba milango. Mulango wangu ukagoma kufunguka, nikalazimika kushukia upande wa dereva mbele ya soko lote, kitenge kimenasa kwenye volani, huo usukani wake, wamama wa samaki wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mungu wangu, ile siku!

Ningevumilia, mimi ni mama wa kuvumilia, aulizwe yeyote. Lakini Jumamosi Julie wetu alikuwa anaolewa. Isidore alileta gari ile kutoka Dar kupitia Kigoma, ikavuka ziwa, na tangu iliposhushwa bandarini neno lake lilikuwa moja: mutoto wangu ataenda kanisani ndani ya gari ya baba yake. Hakuwa na neno lingine juu ya arusi ile. Chakula, kwaya, wageni wa kutoka Moba, yote aliniachia mimi.

Juma lile Julie akaingia garini, kiti cha nyuma, ili ajaribu namna atakavyokaa na robe yake ya arusi. Robe yenyewe nyeupe, ndefu, inaburuta. Akakanyaga tapi, lile zulia la chini, na tapi ikatoa maji meusi yenye harufu ya soksi zilizosahauliwa. Kumbe maji ya upande wangu yalikuwa yanatembea chini kwa chini mpaka nyuma!

"Papa," Julie akasema, "ninakupenda, lakini robe yangu haitagusa maji haya. Nitapanda na mjomba Gaspard."

Gaspard ni kaka yangu. Gari yake ni kavu, naye hachoki kutuambia kwamba ni kavu.

Isidore akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia anakohoa kile kikohozi cha uongo cha wanaume wasiotaka kuonekana wanalia. Hapo njo nilikasirika kabisa. Niliikasirikia gari, nikamkasirikia Gaspard, na zaidi ya vyote niliikasirikia mastiki.

Asubuhi nikamfuata. "Leo hakuna kuziba. Wewe unaziba kabla ya kuona. Kwanza tuone."

"Tuone nini? Maji ni maji."

"Toa tapi!"

Akatoa tapi huku ananung'unika. Chini yake sponji ilikuwa imelowa kama mukate ndani ya chai. Tukaitoa nayo, tukapangusa tole ya chini, bati lenyewe, mpaka ikakauka, kisha nikaenda jikoni nikaleta unga wa muhogo.

"Lucie, unataka kupika ugali ndani ya gari?"

"Nyamaza, mimina maji."

Nilinyunyiza unga juu ya tole yote, nikaingia, nikafunga milango, nikaingiza kichwa chini ya tabulo, ile dashibodi ya mbele ya kiti changu, na simu yangu ikiwa imewashwa taa. Shingo ilikuwa inaniuma, unga umenijaa puani. Nikamwambia amwagie gari kwa nje, aanzie chini, apande polepole, asirukie juu. Akamwagia mulango: unga ukabaki mweupe. Akapanda, akamwagia pembeni ya kioo: kavu. Niliposema aende sasa pale kioo kinapoishia, juu ya moteri, akamwaga ndoo nzima kwa hasira, na mustari wa maji ukachora njia katikati ya unga. Nikaufuata kwa kidole kwenda juu, nyuma ya tabulo, mpaka kwenye kipande cha tole kilichofungwa kwa skrubu. Pembeni yake mastiki ya zamani ilikuwa imepasuka pande zote.

"Njoo uone mastiki yako!" nikapiga kelele.

Akainama, akatazama. "Ni pale volani ilikuwa," akasema.

Na kweli. Gari zile zinafika na volani upande wa kulia, sisi huku tunaitaka kushoto. Yeye na fundi wake, mekanisye Alphonse, waliihamisha wenyewe: wakakata tundu jipya kushoto, la kupitishia chuma cha volani, wakafunika la zamani kulia. Mimi ndiye niliyekuwa nimekalia lile la zamani.

"Lakini nilifunga," akasema.

"Ulifunga! Miguu yangu inajua ulivyofunga."

Alphonse akaja, akang'oa kile kipande, akakata tole nyingine, akaweka mpira katikati, akapiga riveti. Tukamwaga maji upande wangu mpaka mapipa yakaisha. Unga haukulowa hata kidogo. Julie akapitisha mukono chini, akanusa vidole, akasema sawa, atapanda na baba yake. Lakini Gaspard afuate nyuma, nani ajuaye.

Jumamosi mvua ilingoja tuwe wote ndani ya gari. Ikanyesha ile ya kuficha ziwa. Nilishusha mukono chini ya miguu yangu: kavu. Julie akagusa nyuma: kavu. "Aksanti, Papa," akasema. Isidore akaitikia "mm" na kuendelea kuendesha. Mimi nikasema njia nzima, unga, shingo yangu, nani aliyegundua, na yeye ni "mm" tu. Nikajiambia, kiburi kimempanda, sasa hatutakaa naye.

Kanisani kwaya ilikuwa imeanza. Isidore akasimamisha gari na hakushuka.

"Teremka, Papa Julie!"

"Mutangulie."

"Tutangulie vipi? Nani atamwingiza mutoto?"

Nikazunguka kwenye mvua, nikafungua mulango wake. Maji yakamwagika juu ya viatu vyangu. Suruali yake ya suti ilikuwa imelowa mpaka karibu na magoti, na viatu vipya vimezama. Yale maji tuliyofungia njia upande wangu yalijaa chini ya kioo, yakapata lile tundu la volani kushoto, ambalo hakuna aliyekumbuka kulijaribu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, tungesimama," akanijibu polepole. "Angepanda na Gaspard."

Nikainama, nikaanza kukamua maji ya suruali yake.

Julie akaja, pindo la robe yake mikononi. Akatazama viatu, akamtazama yeye. "Papa, sasa ni wewe unavuja."

Isidore akacheka, akashuka.

Wakaingia. Kila hatua viatu vyake vililia chwa, chwa, juu ya simenti, watu wanageuka benchi kwa benchi, naye shingo imesimama, na Julie amemshika mukono kwa nguvu, wala hamharakishi. Gaspard akaniinamia, akaanza kuninong'oneza jambo juu ya vile viatu. Nikamkanyaga muguu, nikakiacha kisigino changu palepale mpaka walipofika mbele.