Pasi Bila Kuitana

Mvua za kwanza zilipoanza, Sabine aliwakataza wachezaji wake kuitana uwanjani.

Timu ya wasichana ya Kalundu ilikuwa imefungwa na timu ya Sange, na Sabine, aliyefundisha fizikia asubuhi na mpira wa kikapu jioni, alijua sababu. Wasichana wake walikuwa na desturi ya kuita jina kabla ya kupokea pasi. "Fabi! Fabi, huku!" Walinzi wa Sange hawakuwa na haja ya kuufuata mpira kwa macho. Walisikiliza tu, wakafika kabla yake. Sasa timu hizo mbili zilikuwa zimeingia fainali ya ligi ya Uvira, na ulibaki muda wa kama mwezi mmoja kurekebisha kosa hilo.

"Anayeita anamwambia adui," Sabine aliwaeleza. "Mwenye mpira anatazama mbele. Mwenzake yuko pembeni. Mnaonana kwa ukingo wa jicho. Mdomo hauna kazi hapa."

"Madamu, Annie akinyamaza atakufa," alisema Ornella, mchezaji wa akiba.

"Kufa weye kwanza," Annie alimjibu. "Minye nitakuja kula wali kwenye kilio chako."

Wote walicheka isipokuwa Fabiola, aliyekuwa ameushika mpira mbele ya kifua, akiuzungusha polepole kwa vidole.

Fabiola alikuwa na miaka kumi na saba, na ndiye aliyegawa mipira. Watu walitoka Mulongwe kwa pikipiki kuja kumwona. Uso wake ulielekea kwenye goli, na mpira ukatoka mikononi mwake kwenda kushoto au kulia bila yeye kugeuza kichwa, ukamfikia mwenzake kwenye viganja. Sabine mwenyewe alikuwa akimtolea mfano: mwangalieni Fabiola, hageuki. Kwa hiyo alitarajia kwamba amri mpya ingewatesa wengine wote, isipokuwa yeye.

Zoezi lilikuwa la kawaida. Wachezaji watatu wanakimbia kuelekea golini wakipishana na kupeana mpira, kama nywele zinavyosukwa, na mpira haugusi chini. Fabiola alianza katikati. Pasi yake ya kwanza ilipita nyuma ya mgongo wa Annie, ikabiringika hadi kwenye ile kona ya uwanja ambayo ziwa lilikuwa limeifunika tangu maji yalipopanda, ikaelea humo. Ya pili ilimpiga Jolie begani. Ya tatu ilikwenda mahali ambapo Annie angekuwa, lau angekimbia moja kwa moja. Lakini alikuwa amekata kona kumkwepa Ornella, na mpira ukaanguka pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Fabi, umelewa?"

"Ana mafuta ya ndagala kwenye mikono! Aende anawe!"

"Acheni," Annie alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Kicheko kikakatika.

Wiki hiyohiyo pasi zikarudi kuwa nzuri. Sabine aliridhika, mpaka alipogundua kwamba Annie ana kikohozi. Alikohoa akiwa huru, bila mlinzi karibu, na alipokuwa amezibwa kifua chake kilipona. Jolie naye alikuwa ameanza kuburuta kiatu juu ya saruji kila alipofika kwenye nafasi yake. Sabine alisimamisha zoezi, akawaita wote wawili nje, akaweka wengine ambao hawakuwa wagonjwa. Pasi za Fabiola zikaharibika papo hapo.

Hapo Sabine alielewa kwamba wasichana walikuwa wanajua jambo ambalo yeye hakulijua. Hakuuliza. Aliwaambia waende nyumbani, akawabakiza Fabiola na Annie.

Jua lilikuwa bado linaimulika milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, na mwanga ulitosha. Alimsimamisha Fabiola katikati ya uwanja, naye akasimama mbele yake, hatua chache tu.

"Niangalie kwenye pua. Usigeuze macho. Annie ataleta mpira kutoka nyuma yako, pembeni, polepole. Ukiuona, sema."

Kwanza alikuwa amejipima mwenyewe, Annie akiuleta mpira: ulionekana mara tu ulipofika usawa wa bega. Hivyo ndivyo jicho zima linavyofanya kazi.

Annie alianza kutembea, mikono imenyooka, mpira uko usawa wa uso. Ukapita sikio la Fabiola. Ukapita bega.

"Sasa?"

"Bado."

Annie alipiga hatua nyingine. Mpira ulikuwa umeshamwacha Fabiola nyuma, unaelekea kwa Sabine.

"Sasa?"

"Bado, Madamu. Annie, unatembea ao umesimama?"

Annie alikuwa anatembea. Aliendelea mpaka mpira ulipokaribia kugusa shavu la Sabine.

"Hapo!" alisema Fabiola. "Hapo nimeuona."

Upande wa kushoto ulikuwa vilevile. Annie aliukumbatia mpira, akainamisha kichwa juu yake.

"Nimeuona mbali?" Fabiola aliuliza. "Annie, mpira ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa karibu na Madamu."

"Karibu namna gani?"

"Karibu sana, Fabi."

Fabiola alikuwa akiona kama mtu anayetazama ndani ya bomba. Pasi zile ambazo watu walitoka Mulongwe kuja kuziona zilitupwa kwa kusikia, na kwa kukumbuka nani husimama wapi. Hakugeuza kichwa kwa sababu kukigeuza kulimpotezea goli.

Mama yake Fabiola aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na bandari. Sabine alimkuta akitandaza dagaa mbichi juu ya wavu, na alipomweleza kipimo kile, yule mama hakuacha kutandaza.

"Kaka yangu Basile alianza vile vile," alisema. "Alikuwa anapakua magunia hapa bandarini. Akaanza kugongana na batu. Banamutukana, banasema analewa. Hakukuwa anakunywa hata kidogo. Kisha tukawa tunamushika mukono kumupeleka chooni."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme, nani atamuoa? Na nikisema, macho inarudi?" Alimwangalia Sabine kwa mara ya kwanza. "Mwalimu, ule mupira ndo kitu yake moja tu. Umuache acheze, mpaka itakwisha yenyewe."

Sabine alisema kwamba kwanza amwone daktari. Walivuka mpaka wakaenda Bujumbura, wote watatu, kwa daktari wa macho aliyemtia Fabiola matone, akatazama ndani kwa taa, kisha akazungumza kwa upole na bila kuficha. Utando ulio nyuma ya jicho ulikuwa unakufa, kuanzia kwenye kingo kuelekea katikati. Ugonjwa huu huenda katika ukoo. Hapakuwa na miwani ya kuusaidia, wala dawa, wala upasuaji. Katikati pangeweza kubaki kwa miaka, au kwa muda mfupi zaidi. Hakuna ambaye angeweza kusema. Sabine alimshukuru. Aliwapenda watu wanaosema wanachokijua na kunyamazia wasichokijua.

Katika gari la kurudi, mama alilala, au alifumba macho. Fabiola alimgeukia Sabine.

"Madamu, fainali ingali iko?"

"Iko."

"Basi turudishe kuitana. Mechi moja tu. Minye nikisikia, ni kama naona. Umeona mwenyewe. Muda wote huu hata weye hukujua."

Hilo lilikuwa kweli, na Sabine hakuwa mtu wa kukataa jambo kabla halijajaribiwa. Kesho yake aligawa timu mbili, akaruhusu sauti.

Fabiola alicheza kama zamani. Mpira ulikwenda kwa Annie, kwa Jolie, ukarudi, ukapita katikati ya walinzi wawili kwa kudundishwa, ukafika. Wasichana walipiga kelele kila alipotoa pasi. Hata wapagazi waliokuwa wakitoka bandarini walisimama ukingoni mwa uwanja wakitazama. Kwa muda huo wote Fabiola alitabasamu akiwa ametazama mbele.

Sabine alimwita Ornella, aliyekuwa upande wa wapinzani, akamnong'oneza. Ornella akakataa kwa kichwa. Sabine alirudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Ornella akarudi uwanjani, akasogea kushoto kwa Fabiola, akaita, "Fabi, huku!"

Fabiola akampa mpira. Ilikuwa pasi ya kifua, ya moja kwa moja, yenye nguvu inayostahili, ikatua kwenye viganja. Siku hiyo hakukuwa na pasi nzuri kuliko hiyo.

Ornella hakukimbia nao. Alisimama tu ameushika mpira. Wote walisimama.

"Juu ya nini mumenyamaza?" Fabiola aliuliza. Akageuza kichwa, akatafuta, akampata. "Ornella? Weye si uko na bale bengine?"

"Madamu ameniambia," Ornella alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Annie alikuja mpaka mbele ya Sabine. "Ile ni roho mbaya, Madamu. Minye nasema wazi. Bale ba Sange hawajui kama haoni!"

"Sange walijifunza kusikiliza majina yenu ndani ya mechi moja," Sabine alisema. "Kuita jina ni rahisi kuliko kulisikiliza. Na mtu akimjia kwa mbio kutoka pembeni, hatajikaza, kwa sababu hatamwona. Ataanguka kama gunia. Saruji hii mnaijua."

"Madamu." Fabiola alikuwa amesogea. "Usiwaambie wao. Niambie minye."

Sabine alimgeukia, akasimama mahali ambapo angeonekana.

"Hutacheza, Fabiola."

Upepo wa ziwani uliusukuma mpira, ambao Ornella alikuwa ameuweka chini, ukabiringika kidogo ukasimama. Fabiola alivuta pumzi mara mbili.

"Nani atashika nafasi?"

"Ornella."

"Ornella anatupa chini sana," alisema Fabiola. "Annie anapokea juu. Atampotezea kila mpira."

Siku zilizobaki alikuja mazoezini kama kawaida, mapema kuliko wote, lakini hakucheza. Alimfundisha Ornella. Alisimama nyuma yake na kumshika viungo vya mikono, akamwonyesha namna ya kusukuma kwa vidole gumba vikielekea chini, na vidole vingine vikimalizikia kule mpira unakokwenda. Alimwambia kwamba Annie hukata kona kila anapobanwa, na kwamba Jolie anapochoka hurudi nusu hatua. "Minye nilikuwa nakariri," alisema. "Weye uko na macho. Tumia." Ornella mwanzoni aliomba msamaha kila alipokosea, mpaka Fabiola akamwambia akome, kwa sababu msamaha unachelewesha mikono. Sabine alisikia yote hayo akiwa kando, na hakuongeza kitu. Maelekezo yalikuwa sahihi.

Fainali ilichezwa Jumapili, baada ya ibada. Watu wa Sange walikuja kwa malori mawili, na watu wa Kalundu walijaa pande zote hadi ndani ya maji, suruali zimekunjwa. Sabine alimkalisha Fabiola kando yake kwenye benchi, amevaa jezi ya timu.

Kalundu walicheza bila sauti. Ilikuwa kama Sabine alivyotaka: mpira ulihama kutoka mkono hadi mkono, na walinzi wa Sange waligeuka huku na huku wakisubiri jina ambalo halikutajwa. Fabiola alijaribu kuufuata. Alipeleka kichwa kulia, akaupata, ukatoka. Akapeleka kushoto, akachelewa. Kelele za watazamaji zilitoka kila upande na hazikumweleza kitu.

"Uko wapi?"

"Kwa Annie. Kulia."

"Sasa?"

"Kwa Jolie. Chini ya goli. Amekosa."

"Alirudi nusu hatua?"

"Alirudi."

Nusu ya kwanza yote Sabine alimtajia. Katika nusu ya pili Sange walikaribia kwa pointi, wakapita, wakapitwa. Sabine alisimama. Aliomba mapumziko, akazungumza na Ornella, akabadilisha mlinzi. Fabiola aliuliza tena, naye akasema, "Ngoja." Fabiola aliuliza mara nyingine, lakini Sabine alikuwa amekwenda kwenye mstari.

Mwishoni kabisa Ornella alipata mpira katikati. Alitazama goli. Hakugeuza kichwa, hakusema neno, na mpira ukaondoka mikononi mwake kwenda kulia, juu, ambako Annie alikuwa amekata kona na mikono yake imeshainuka. Annie akafunga. Mwamuzi akapuliza filimbi, na Kalundu yote ikaingia uwanjani.

Ilikuwa pasi ya Fabiola, kwa kila kipimo. Sabine aligeuka haraka kumwambia.

Fabiola alikuwa ameketi wima kwenye benchi, mikono juu ya magoti, anatabasamu. Uso wake ulikuwa umeelekea goli lile lingine, ambalo chini yake hapakuwa na mtu.

"Nani amefunga, Madamu?" aliuliza, macho yake yangali huko.

Sabine akaketi kando yake, akamwambia.