Upande wa Daraja Niliosimama

Kwa miaka ishirini na minane nimejilaumu kwamba nilisimama upande usiofaa wa daraja la mji wa Dokkum. Jumamosi iliyopita nilikwenda kuhakikisha, na nikamchukua kaka yangu Wiebren, maana ndiye tuliyepoteana naye pale.

Siku ile ya mbio za miji kumi na moja, za kuteleza juu ya mifereji iliyoganda, tulikubaliana: atakayetangulia Dokkum amsubiri mwenzake darajani, tumalize pamoja. Chini ya madaraja barafu huwa nyembamba, kwa hiyo kila mtu hupanda ukingoni na kutembea juu ya mazulia, viatu vya chuma vya kutelezea miguuni, mpaka ng'ambo. Nilitangulia. Nilisubiri saa mbili nzima kwenye upepo wa kukata masikio, mpaka muda ukaisha na wasimamizi wakanizuia kuendelea. Wiebren alimaliza, akapewa msalaba wanaotunukiwa waliomaliza. Aliniambia hakuniona, watu walikuwa wengi mno. Nikamwamini. Tangu hapo mifereji yetu haijaganda vya kutosha hata mara moja, na hata ingeganda kesho, magoti yangu yameshastaafu.

"Kumbe ni fupi hivi!" nilisema tulipofika. Nilihesabu hatua kumi na nne tu. "Kaka, hebu nikumbushe. Mazulia yalipita kulia au kushoto?"

"Kushoto, pale kwenye duka la mikate."

"Lakini ndipo niliposimama!"

"Najua."

"Unajuaje?"

"Aa, Douwe, acha basi. Twende tukanywe kahawa, baridi hii itatuua."

"Unajuaje, Wiebren?" Safari hii sikumwita kaka.

Akayatazama maji. "Ulivaa ile kofia ya kijani aliyokufumia mama. We ungeonekana hata kutoka mwezini. Umeshika supu mbili za njegere. Nilijua nikisimama nitakunywa, na nikishakunywa siondoki tena. Nikainamisha kichwa, nikapita nyuma ya jibaba mmoja kutoka mji wa Sneek."

Supu yake niliishika mpaka ikaganda. Njaa ilikuwa inaniuma, lakini sikuigusa kwa kuwa ilikuwa yake.

"Na ukaninyamazia miaka yote hii? Huna hata haya?"

"Nilitaka kukwambia wiki ile ile, mdogo wangu. Haki ya Mungu. Mama ndiye aliyenikataza. Alisema, 'Mwache aamini alikosea mahali pa kusimama. Atapoa upesi, na ninyi mtabaki ndugu.'"

Nikashika ukuta wa daraja. Ya Wiebren ningeweza kuyameza. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kujipendelea. Lakini mama! Kila majira ya baridi, mpaka mwaka aliokufa, nilikaa jikoni kwake nikamwomba radhi kwa kuwaharibia wanawe siku yao kwa uzembe wangu. Naye kila mara alinishika mkono, akaniangalia machoni, akasema, "Nimeshakusamehe, mwanangu."