Sweta Mia Mbili

Ngendo alifuma sweta za shule katika kibanda mjini Nyeri, kilichotenganishwa na cha Subira kwa bati moja tu. Subira, ambaye majirani walimwita Mama Hamdan, naye alifuma sweta. Kwa miaka minne hawakuwa wamesalimiana, tangu shule moja ilipomwacha Ngendo ikampa Subira kazi. Ngendo aliamini amepokonywa.

Novemba hiyo alipata oda ya sweta mia mbili, zilizotakiwa kabla ya shule kufunguliwa Januari. Alikuwa na mashine moja. Alifuma mpaka mabega yakamuuma, na hata robo hakuwa amefikisha. Msaada hakutaka. Biashara aliianza peke yake, na hilo alijivunia.

Asubuhi moja akaja mwanamke kutoka chuoni, akiwahoji wafanyabiashara wadogo: ulianza lini, una wafanyakazi wangapi, shida yako kubwa ni gani? Alipomaliza kwa Ngendo, akaingia kwa Subira. Bati halizuii sauti.

"Shida yangu?" Subira alisema taratibu. "Nina mashine mbili, kazi sina. Mwezi huu ukiisha nafunga."

Ngendo akasimamisha mashine yake. Angefurahi, lakini aliona aibu tu. Alingoja mgeni aondoke, akachukua sweta moja, akaenda kusimama mlangoni pa jirani.

"Hodi, Mama Hamdan."

Subira alimtazama kwa mshangao. "Karibu."

"Niko na oda imenishinda. Tushike pamoja, tugawane."

"Si ulisema mimi ni mwizi wa wateja?"

"Nilisema. Tena mbele ya watu. Nisamehe."

Subira aliichukua ile sweta, akaigeuza, akaivuta shingo. "Hii italegea ikifuliwa mara mbili. Tubadilishe mshono, ama sishiki."

Ngendo alitaka kubisha. Akajizuia. "Tubadilishe."

Siku mbili baadaye waling'oa lile bati, mashine tatu zikakaa chumba kimoja. Walibishana kuhusu uzi, wakabishana kuhusu mikono, na kazi ikaenda.

Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa walipeleka sweta zote. Mwalimu mkuu alizikagua, akaridhika. "Na soksi je, mnafuma?"

"Tunafuma," Subira akajibu haraka.

Walipotoka nje ya lango, Ngendo alishindwa kujizuia kucheka. "Ati soksi! Tumewahi kufuma soksi lini?"

"Jumatatu," alisema Subira. "Tutaanza Jumatatu."