Mwanga Uliozibwa na Shemeji

Mchoraji alirudi kutoka kwenye msiba wa shangazi yake akakuta dirisha la chumba chake cha kazi limezibwa. Shemeji yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Bosi, alikuwa ameinua ukuta wa stoo ya kuwekea saruji ya duka lake karibu kabisa na nondo za dirisha, mkono haupiti.

"Shemeji, umeniziba mwanga bila hata kuniuliza!"

"Si umeme upo? Washa taa, shem. Kwani mwanga una kabila?"

Alipomgeukia mumewe, mume akajitia hamnazo, akauliza kama chai ipo.

Basi akawasha taa. Chini ya ile balbu ya manjano akamalizia picha aliyoagizwa na kinyozi wa jirani, ya marehemu baba wa huyo kinyozi, akaiona imekubali. Kinyozi alipoitoa nje, uso wa mzee ukawa wa kijivu, midomo kama majivu.

"Mama, baba nilimzika mara moja," kinyozi alisema taratibu. "Mbona umenichorea maiti?"

Aibu ilimshika mchoraji, kisha damu ikamchemka. Kesho yake asubuhi alibeba stendi, rangi na ile picha, akavitandaza kwenye mlango wa duka la Bosi, barazani, penye mwanga safi. Wateja wakawa wanapita kiubavuubavu. Wengine wakasahau walichofuata, wakasimama kuangalia mashavu ya mzee yakirudiwa na damu.

"Unaniharibia biashara!" Bosi alifoka. "Rangi tu hizo, kachezee ndani!"

"Nacheza? Watoto wako wamesomeshwa na nini hapa kama si hii michezo yangu?"

Bosi akamwita kaka yake. "Mtoe mkeo."

Mume aliitazama picha, akautazama mlango. Safari hii hakuulizia chai. "Nimtoe nimpeleke wapi? Kwenye giza lako?"

Kufika jioni, mafundi walioitwa na Bosi mwenyewe walikuwa wanabomoa ukuta, wakauacha usawa wa kizingiti cha dirisha. Kinyozi alichukua picha yake akaikumbatia.

Lakini siku chache baadaye mchoraji, akiwa kazini, alimsikia Bosi akijisifu kwa wateja: "Nilimwonea huruma shemeji, nikampa mwanga."

Akaweka brashi chini. Akatoka na aproni yake ya madoa, akasimama katikati ya duka.

"Hukunipa," alisema. "Ulininyang'anya, ukarudisha kwa kulazimishwa. Waambie hivyo hivyo."

Bosi akacheka peke yake.