Uyoga wa Bibi na Divai ya Australia

Wenzetu wakija kuposa huja na mchele na kreti za soda. Hezron, kijana wa Kinamwanga kutoka Tunduma, alikuja kumposa dada yangu Imelda na chupa ya divai nyekundu ya Australia, aliyoinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mshenga wake, Mzee Timotheo, aliilaza mezani taratibu kama mtoto mchanga. Hezron mwenyewe alikaa kimya. Siku ya posa, mwenye shida hufunga mdomo.

Babu Abrahamu aliitazama chupa ile kwa muda mrefu. Ni mkulima wa kahawa hapa Mbozi, na kila kitu hukikagua kama kahawa.

"Mke wangu, njoo utusomee Kizungu hiki."

Mke wake ni mimi. Nimerithi jina la marehemu Bibi, Tukuswiga, kwa hiyo niliolewa siku niliyozaliwa. Nilisimama, nikakohoa kama mwalimu wa zamu bwenini anayetaka kutangaza adhabu.

"Divai hii imetengenezwa kwa kuchanganya zabibu za aina mbili, Shiraz na Cabernet..."

"Kuchanganya?"

Nikajua nimeharibu. Kahawa ya Babu haikutani na ya jirani hata kwenye kichanja cha kuanikia. Kuna mtu aliwahi kuchanganya nzuri na mbovu akaipeleka kuiuza Mlowo. Babu hamsalimii mpaka leo.

"Timotheo," akasema kwa upole wa kutisha, "mmeniletea kitu kilichochakachuliwa?"

Hezron alimtazama Imelda, aliyesimama mlangoni. Sote tulijua: Babu akiirudisha chupa upande wa wageni, posa imekataliwa. Na kidole chake kilikwisha kuigusa.

"Sijamaliza, Babu! Wameandika na vya kulia nayo. Nyama choma. Jibini gumu. Uyoga."

Kidole kikasimama.

Jikoni kwetu, juu ya mafiga, huning'inia kikapu cha uyoga mkavu. Bibi aliuchuma kwao Ibaba, msimu wake wa mwisho. Tangu tumzike, hakuna aliyethubutu kukigusa. Mama hupika chini yake kama mtu apitaye makaburini.

"Mke wangu," Babu akasema, "juzi uliniambia simu ya video haipokelewi na mtu aliyevaa kofia. Nikavua."

"Ulipendeza, Babu."

"Na leo unacheza na uyoga wa mwenzangu?"

"Safari hii ni kweli. Haki ya Mungu!"

Nimewahi kudanganya kwa ufasaha nikaaminiwa na shule nzima. Siku hiyo nilisema kweli tupu, na hata Mama akatazama pembeni.

Babu akampa Imelda chupa. Dada yangu hajawahi kusema uongo. Ni kasoro aliyozaliwa nayo. Akasoma polepole.

"Uyoga upo, Babu. Na hawajachakachua. Wanasema zabibu hizi moja ina ukali, nyingine ina ulaini, na kila moja peke yake ingepungukiwa." Akamtazama Babu. "Wewe ni Mnyiha, ukaenda kuoa kwa Wandali, Ibaba. Mbona na wewe ulichanganya?"

Timotheo akaishika kofia yake, tayari kuondoka. Babu akamgeukia dada yangu.

"Basi nakuuliza mbele za watu, Imelda. Tunywe?"

Hilo ndilo swali la posa lenyewe. Binti akilijibu, halirudiwi.

"Tunywe, Babu."

Babu aliinuka mwenyewe, akaenda jikoni, akakishusha kikapu. Mama akaupika uyoga kwa karanga, kama alivyokuwa akifanya Bibi. Nyama ya mbuzi ilikuwepo. Jibini hatukuwa nalo wala hatukulitafuta. Timotheo akaonja divai kwanza, kama impasavyo aliyeleta kinywaji, uso ukamkunjamana. Babu akala uyoga, akanywa, akafumba macho.

"Kali," akasema.

Hezron akainamisha kichwa.

Babu akala tena, akanywa tena, bila haraka. "Lakini vinasikilizana."

Kisha akanikabidhi kikapu kitupu. Nikangoja utani. Haukuja.

"Kioshe, mke wangu. Mvua zikianza, utampeleka mkwe wetu Ibaba, umwonyeshe unakochumwa uyoga."