Wali wa Mahabusu

Mchana Nazari alifika kituo kidogo cha polisi, njia ya kwenda Mlimba, amefunga hotipoti ya wali na kambale kwenye keria ya baiskeli. Chakula kilikuwa cha mdogo wake Raimundi, aliyekuwa mahabusu. Utaratibu ulimtaka mleta chakula aonje kwanza mbele ya askari, asije akamlisha ndugu yake sumu.

Alipofunua hotipoti, wali ukasema, kwa sauti ya Nazari mwenyewe:

"Raimundi hakuchoma kibanda cha walinzi wa hifadhi. Usiku ule tulikuwa wote dunguni, tunafukuza viboko kwenye mpunga. Nilimtaja kwa sababu polisi waliniambia nichague, yeye au baba."

"Nani anaongea?" aliuliza Afande Aneth.

"Wali, afande."

Afande Aneth alitazama ubao wa vitu vilivyokatazwa. Palikuwa na visu, viberiti, simu na gongo. Wali unaosema haukuwemo.

"Haya, onja."

Nazari alionja. Wali uliobaki uliendelea kwa sauti ya chini kidogo, kwa kuwa ulikuwa umepungua.

Siku zilizofuata mambo yalikuwa hayo hayo. Ugali ulisema kwa sauti nzito. Uji haukueleweka vizuri. Mahabusu mmoja alilalamika kwamba maharage yanarudiarudia, lakini wenzake walimwambia avumilie, ndiyo tabia ya maharage.

"Kaka," Raimundi alisema nyuma ya nondo, "kesho lete nyama. Labda yenyewe itanipatia dhamana."

Kesho yake Nazari alileta wali tena, na mkuu wa kituo alikuja kusikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kofia kwapani.

"Umeiva vizuri," alisema. Kisha akamgeukia Nazari. "Na wewe, kijana, unasemaje? Tufute jina la mdogo wako, tuandike la mzee?"

Nazari alikifikiria kifua cha baba yake, kinachokohoa tangu masika.

"Hapana, afande."

"Basi onja."

Jioni mama yao, Paskalina, alipakua wali wa sufuria ile ile. Mzee Beatus alinawa mikono, akakohoa, akauliza kama alivyouliza kila jioni:

"Hivi huyo aliyemsingizia mwanangu, chakula kinamshuka?"

Wali ulinyamaza. Nazari alionja kwanza, kwa mazoea, kisha akamsogezea baba yake sahani.